Wa Kumfunulia Kurasa

Kwenye kwaya ile watu walikuja na kuondoka. Wengine walioa, wengine walihama, wengine sauti ziliwakauka wakabaki kuja kusikiliza tu. Aliyekaa kwenye kinanda alikuwa mtu yule yule, na walimwita Mama Kinanda tangu hajawa mama wa mtu.

Walifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa shule ya zamani, ghorofani, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na viti vya mbao vilivyochongwa majina ya watoto ambao sasa ni wazee. Kinanda kilikaa chini ya dirisha kwa sababu ya mwanga. Fundi wa kukipanga sauti alilalamika kila alipokuja, akisema jua litakimaliza, na kila mara waliahidi kukihamisha, wasikihamishe. Kwa hiyo upepo ukiingia, kitu cha kwanza kukutana nacho ni karatasi za muziki.

Ndivyo alivyompata mume. Alikuwa binti mwembamba, mgeni kwenye kwaya, anaogopa kukosea kuliko anavyoogopa kufa. Siku hiyo seremala alikuwa ameitwa kurekebisha mlango wa ukumbi uliokuwa unakwaruza sakafu, naye akaambiwa apime tu, asigonge misumari, watu wanaimba. Katikati ya wimbo upepo ukaja, karatasi zikapaa. Binti hakuacha kupiga. Mkono wa kushoto uliendelea na kazi, wa kulia ukawa unakamata hewa. Seremala akaacha futi yake, akaokota karatasi, akazipanga mbele yake, moja ikiwa kichwa chini miguu juu, akaigeuza, kisha akazikandamiza kwa kiganja.

"Usiondoe mkono," binti akamwambia, macho yakiwa kwenye noti.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuambia."

Hakumwambia tena. Hiyo ndiyo habari ambayo seremala aliisimulia kwenye kila karamu ya maisha yao, akiongeza chumvi kidogo kila mwaka: kwamba yeye hakuoa, alishika karatasi akasahauliwa hapo.

Muziki hakuujua hata kidogo. Mkewe alijaribu kumfundisha majira yale ya mwanzo wa ndoa, akakata tamaa. Mume alisema akitazama zile noti haoni wimbo, anaona sisimizi waliotoroka bakuli la sukari. Alichokijua ni kidevu cha mkewe. Kidevu kikiinuka kidogo, kama mtu anayetaka kuchungulia juu ya ukuta, ukurasa unafunuliwa. Wala si kule kuinuka kwenyewe, bali pumzi ile iliyotangulia. Alisimama upande wake wa kushoto na mkono tayari, akanyanyua ncha ya karatasi kwa kidole gumba na cha shahada, akaivuta bila kutoa sauti, akarudi nyuma nusu hatua. Wanakwaya wapya walidhani ni mwanamuziki mkubwa. Yeye hakuwakanusha.

Jioni za mazoezi walirudi kwa miguu, yeye amebeba mkoba wa karatasi, mkewe amebeba viatu vya kukanyagia pedali, maana kwenye pedali hakukanyaga na viatu vya barabarani. Waligombana njia nzima juu ya ukurasa fulani ulioletwa mapema au uliochelewa, wakifika mlangoni wameshasahau chanzo. Binti yao alikua akiusikia ugomvi huo, na anasema mpaka leo akisikia wazee wakibishana polepole barabarani, usingizi humjia.

Kisha seremala akaugua, ugonjwa mfupi, akaenda zake. Kwaya ilimwimbia. Mama Kinanda alipiga siku hiyo kwa kichwa, bila karatasi yoyote mbele yake, kwa kuwa hakutaka mtu mwingine asimame pale.

Lakini huwezi kupiga kila kitu kwa kichwa, hasa umri ukisogea. Mazoezi yaliporudi, ikabidi apewe wa kumfunulia. Dada mmoja wa soprano alijitolea kwa moyo mweupe, ila alikuwa na vidole vya haraka, akifunua kurasa mbili kwa mpigo, na wimbo unaruka kutoka maombolezo kuingia shangwe. Akaja mzee wa besi, mtaratibu, msoma noti mzuri. Tatizo lake ni kwamba alisoma mpaka mwisho wa ukurasa ndipo akafunua, kama mtu anayemalizia gazeti. Mama Kinanda hakumlaumu yeyote. Alisema asante, akaenda nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake vya pedali mapajani.

Karatasi zenyewe nazo zilikuwa zimechoka. Mikunjo ilikuwa imekatika, kona zimeliwa na vidole, nyimbo nyingine zimeshikiliwa na utepe wa gundi uliogeuka rangi ya chai. Binti yake, ambaye ni mpima macho kwenye mji mwingine, alikuja likizo, na badala ya kupumzika akaichukua mikoba ya nyimbo za kwaya akaiskani ukurasa baada ya ukurasa mezani pa kulia chakula. Akazihifadhi kama faili za PDF kwenye kompyuta yake ya zamani ya mkononi, akampa mama. Alimfundisha kuiwasha, kutafuta wimbo, kubonyeza mshale ili ukurasa ugeuke. Programu ya kufungulia faili hizo aliyomwekea ni ile kubwa ambayo kila ofisi wanayo, iliyo maarufu, kwa sababu hakufikiri kama kuna nyingine. Mama alifurahi. Alimsindikiza binti yake kituoni akiamini shida imekwisha.

Majira hayo mwalimu wa kwaya alikuwa anajiandaa kustaafu. Alikuwa na wimbo wake mrefu, aliouandika akiwa kijana mwenye nywele nyingi, wimbo wenye kurasa tele na sehemu moja ya kinanda inayokimbia kama mtu anayeshuka ngazi. Mama Kinanda ndiye aliyeupiga mara ya kwanza kabisa, na wanakwaya walikubaliana wautumie kumuaga. Wakaanza kuufanyia mazoezi.

Jioni ya kwanza aliiweka kompyuta pale zilipokuwa zinakaa karatasi, akaiwasha. Programu ilianza kuamka. Ilionyesha picha yake, ikafikiri, ikauliza kama angependa kufungua akaunti, ikamweleza habari za mambo mapya inayoweza kuyafanya. Kwaya nzima ilisimama imebana pumzi. Hatimaye wimbo ukatokea, wakaanza, na ukurasa wa kwanza ukaenda vizuri. Alipobonyeza mshale, ukurasa wa pili ulikuja mweupe, kisha ukungu, kisha kiduara kinachozunguka. Vidole vyake vilitangulia kwa mazoea. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa ile sehemu ya kushuka ngazi, na hapo hasa ndipo kisanduku kilipojitokeza katikati ya skrini kumtaarifu kwamba kuna toleo jipya, apakue sasa au akumbushwe baadaye. Kilifunika noti zote za mkono wake wa kushoto. Alibahatisha noti chache, akapotea, akanyanyua mikono. Kwaya iliendelea peke yake mistari kadhaa, halafu ikazimika, sauti moja moja.

Watu walicheka, si kwa ubaya. Hata yeye alicheka. Lakini mwalimu alimfuata baadaye wakati wengine wanapanga viti. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mama, nimekuwa nikiwaza. Tunaweza kuuimba bila kinanda. Sauti zinatosha. Wewe ukae mbele nasi tukuimbie na wewe pia."

Alimwelewa. Alimwambia atafikiri. Njiani kurudi nyumbani kompyuta ilikuwa nzito mkobani, na hakukuwa na mtu wa kugombana naye juu ya ukurasa uliochelewa.

Kesho yake akapiga moyo konde akaenda kwa fundi wa kompyuta. Duka lake lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza vitambaa, kuta zimejaa nyaya zilizoning'inia, mezani kikombe kilichojaa skrubu ndogo ndogo. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Watu walimwita Skrubu, naye aliitika. Alimpa mama kiti, akamsalimu kwa heshima, akaanza kwa kusema wanachosema mafundi wote: mashine imezeeka, anunue nyingine.

Mama Kinanda akamuuliza kama imevunjika.

Skrubu akaifungua, akaitazama kwa muda, akakiri kwamba haijavunjika. Ilikuwa na kumbukumbu kidogo, ndiyo, lakini nzima. Kilichoilemea ni ile programu. Akamweleza kwa lugha ya kawaida: hii inajua kuandika juu ya faili, kutia saini, kubadili faili kuwa aina nyingine, kutuma kwa watu, kuhifadhi mtandaoni, na kila unapoiwasha inaamsha kazi hizo zote hata kama huzihitaji. Ni sawa na kumwita fundi aje na lori zima la vifaa kukaza bawaba moja.

"Sasa wewe mama unataka ikufanyie nini hasa?"

Swali hilo lilikuwa geni kwa Mama Kinanda. Hakuwa amewahi kuulizwa. Alitazama nyaya ukutani akawa kama anamwona mtu amesimama pale, nusu hatua nyuma.

"Ifunue nikitaka ifunue," akasema. "Isichelewe, isitangulie. Inionyeshe ukurasa mzima, si nusu. Na isiseme nami nikiwa kazini."

"Basi?"

"Basi. Mume wangu hakuwa na mengine."

Skrubu alishusha miwani ya kichwani, akavua na ya machoni, akaifuta yote miwili. Akasema programu za namna hiyo zipo, nyepesi, na nyingi ni za bure, tatizo ni kwamba hazijitangazi. Akavuta kiti, wakaanza kuzijaribu pamoja kwenye mashine ile ile, kwa wimbo ule ule mrefu, kwa sababu mama alikataa kujaribu kwa faili nyingine. Alisema kiatu hupimwa kwa mguu wa mvaaji.

Ya kwanza ilifunguka upesi, ikawapa matumaini. Ilikuwa nzuri ajabu. Ukurasa ukigeuka ulijikunja kama karatasi ya kweli na kutoa sauti ya karatasi, na kinyozi wa jirani aliyekuwa amekuja kuazima bisibisi akasimama kutazama. Mama Kinanda aligeuza na kurudisha, akigonga mdundo kwenye goti kwa mkono mwingine. Ule mkunjo ulikula mapigo mawili mazima kabla noti hazijaonekana. Uzuri wa mkakasi, akasema, ndani kipande cha mti. Lakini hilo lingeweza kuzimwa, Skrubu akalizima. Lililobaki halikuwazwa na yeyote. Programu ile ilikuwa na tabia ya kusafisha faili zilizoskaniwa, ikizing'arisha zionekane mpya. Kurasa zilikuwa nyeupe kabisa, noti nyeusi tii, hakuna doa.

Mama akaukodolea macho ukurasa wa tatu. Akaomba waufungue kwa programu nyingine.

Skrubu akapakua ya pili, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, akimweleza mama kwamba mitaani humo mtandaoni kuna wanaouza mbuzi kwenye gunia, unapakua kitu kumbe umebeba na wadudu wake. Ilikuwa faili ndogo, ikashuka kabla kinyozi hajapata bisibisi yake. Alipoibofya, wimbo ulikuwa tayari mbele yao. Hapakuwa na picha ya kukaribisha wala swali. Dirisha lilikuwa la kijivu, limepooza kama ukuta wa ofisi ya serikali, na menyu fupi juu. Walipoficha hata hiyo menyu, ukabaki ukurasa peke yake, mzima, kutoka ukingo hadi ukingo.

Ulikuwa na rangi yake ya kweli, rangi ya chai. Na kule chini, kona ya kulia, palikuwa na doa la kahawia lililofifia. Mama akaomba ukuzwe. Ukakua papo hapo, bila kiduara. Doa likawa kidole gumba. Mistari ya ngozi ilionekana, imezunguka na kuzunguka, na mstari mmoja umekatwa na kovu.

"Hiyo ni vanishi," Mama Kinanda akasema. "Alikuwa anatoka kazini moja kwa moja. Nilimgombeza sana. Nilimwambia ataniharibia wimbo."

Wakazipita kurasa zote taratibu. Kila kona ilikuwa nacho, mahali pengine hafifu, mahali pengine wazi, na kwenye ukurasa wa kushuka ngazi vilikuwa vidole vinne vimerundikana, kwa sababu huo ndio walioufanyia mazoezi zaidi. Kinyozi alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Skrubu alishika kazi ya kubonyeza mshale tu. Baadaye sana akauliza kama aondoe zile nyingine mbili.

Mama akajibu aondoe. Kisha akajaribu mwenyewe mara nyingi, akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza kwa pupa, akaifunga katikati na kuifungua tena aone kama inakumbuka ilipoachia. Ilikumbuka. Akazima mtandao kabisa, nayo haikujali. Akauliza je, siku moja itaanza kumwambia habari za toleo jipya? Skrubu akaingia kwenye mipangilio, akaondoa alama mahali fulani, akasema haitathubutu.

Kazi haikuishia dukani. Kompyuta haina macho ya kutazama kidevu, na mikono ya mpiga kinanda ni miwili tu, yote ina shughuli. Nyumbani aliiweka mashine juu ya meza, akapiga hewani, akitafuta katika kila ukurasa mahali ambapo mkono wa kushoto ungeweza kuiba pumzi moja na kugusa mshale. Kwenye baadhi ya kurasa palikuwepo. Pasipokuwepo, ilimbidi achague noti ipi ya besi aitoe sadaka. Alichagua kwa uchungu, kama mtu anayepunguza mizigo kabla ya safari. Siku za mwanzo mazoea yalimshinda. Kidevu kiliinuka chenyewe, naye akangoja, ukurasa ukabaki pale pale. Mara moja alijikuta amenuna kabisa, amegeuza uso kushoto tayari kugomba. Alicheka peke yake sebuleni, kisha akalia kidogo, kisha akaanza tena kutoka mwanzo.

Alimpigia mwalimu simu akamwomba ampe mazoezi mawili. Mwalimu alimpa, na zoezi la pili lilipokwisha hakuzungumzia tena habari ya kuimba bila kinanda. Alimuuliza tu ile noti ya besi ya ukurasa wa tano imekwenda wapi. Mama akamjibu imestaafu.

Siku ya kumuaga, ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Walikuja hata walioacha kwaya zamani, wakisukumana mabega kutafuta sauti zao, soprano waliogeuka alto, tenori waliogeuka besi. Mwalimu alisimama mbele na nywele zake chache, akainua mikono. Mama Kinanda alikuwa ameshavaa viatu vyake vya pedali. Mbele yake ukurasa wa kwanza ulikuwa umekaa, mzima, na doa lake konani.

Wakaimba. Haikuwa kamilifu. Wa tenori waliingia mapema pahali wanapoingia mapema siku zote, na mtu mmoja wa zamani akasahau kwamba ubeti wa pili ulibadilishwa. Lakini kinanda hakikusimama. Kurasa zilikuja moja baada ya nyingine, na waliokaa karibu hawakusikia hata mguso. Kwenye ile sehemu ya kushuka ngazi mwalimu aligeuka akamtazama, jambo ambalo kiongozi wa kwaya hapaswi kulifanya, akaacha kupunga kabisa, akabaki anasikiliza wimbo wake wa ujana ukikimbia kwenye vidole vya mwanamke mzee. Kwaya ilimngoja. Alipokumbuka kazi yake wakaenda naye hadi mwisho.

Baada ya hotuba na picha, watu walimzunguka Mama Kinanda kutaka kuona hiyo mashine. Mzee wa besi alikuwa na vitabu vya nyimbo vilivyooza, akataka kujua kama vyake navyo vinaweza kuingizwa humo. Dada wa soprano akaomba afundishwe. Mama Kinanda alipofika nyumbani alikuwa ameshaahidi watu wengi kuliko alivyokusudia.

Binti yake alipiga simu kesho yake asubuhi, amesikia habari kutoka kwa watu. Mama akamsimulia yote, na vidole vya vanishi, na kinyozi, na noti iliyostaafu. Kisha binti akasema kumbe alikosea kumwekea programu ile kubwa, na kazini kwao pia kompyuta za zamani zinasumbua hivyo hivyo wakifungua mafaili ya wagonjwa. Akauliza hiyo nyepesi inaitwaje, naye aiombe.

Mama Kinanda akaenda kuitazama kompyuta, akarudi kwenye simu.

"Jina silioni popote, mwanangu. Nitamuuliza Skrubu. Wewe njoo likizo, kuna mkoba mmoja bado, ule wa nyimbo za harusi. Na uje na nguo za kazi, mkoba huo una vumbi."